Bonde Moja, Pembe Moja

Kifuniko cha chupa ya chai kililia kwii kilipokazwa, na Roimata akatulia gizani jikoni, kiganja juu yake kama anayemziba mtoto mdomo. Akasikiliza. Chumbani mumewe Lachie alikoroma, akageuka. Tai, mtoto wao wa miaka minne, hakuamka. Afadhali. Angeamka angeuliza mama anakwenda wapi, na Roimata alikuwa amejiapiza kutolitaja lile bonde kwa sauti hata ndani ya nyumba yake.

Ilikuwa Aprili, msimu wa kunguruma. Madume ya kulungu hujigaragaza kwenye matope na mkojo wao wenyewe, kisha hunguruma milimani wakiitana ugomvi. Mwindaji hana haja ya kuwafuata. Hujificha, akapuliza pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha. Dume akadhani kaja mshindani, na hasira yake mwenyewe ikamleta.

Hapo ndipo penye mauti. Pembe ikipulizwa na mjuzi, hata mwindaji mwenzake hawezi kumtofautisha na mnyama. Mjomba wa baba yake alizikwa kwa sababu hiyo. Alinguruma, akajibiwa, wakasogeleana asubuhi nzima yeye na rafiki yake, kila mmoja akiamini amepata dume la maisha yake. Tangu hapo nyumbani kwao pakawa na sheria: bonde moja, pembe moja. Baba yake, Henare, alipofariki, bonde likabaki kwa Roimata. Si kwamba ni mali yake. Ardhi ni ya serikali, mwenye kibali aingie. Lakini njia ya kupandia haikuwa kwenye ramani yoyote. Ilikuwa kichwani mwake.

Tatizo lilikuwa Brodie.

Brodie alisoma naye tangu darasa la kwanza. Brodie alishika koleo akachimba kaburi la Henare kwenye mvua, na mtu aliyechimba kaburi la baba yako si mtu wa kumfungia mlango. Jumamosi iliyopita, wakichoma nyama nyuma ya klabu ya raga, alianza tena.

"Dada Roi, friza lako limejaa mpaka unalikalia ndipo lifungike. Mimi mwenzio nakula soseji. Nionyeshe tu."

"Si nimekuletea paja zima?"

"Paja nimeshalila. Nataka bonde."

Watu wakaangua kicheko. "Mchoyo huyu! Kama marehemu baba'ke!" mmoja akapaza sauti. Roimata naye akacheka, maana kicheko cha kundi ni kama mafuriko, hukuchukua hata kama hukutaka. Kisha akaweka sahani chini.

"Sikia, kaka. Nyama nitakupa mpaka useme basi. Ukitaka, nitakupeleka mwenyewe, pembe yangu nikiiacha nyumbani. Lakini kuingia peke yako, hapana. Si uchoyo. Nikiwa kule nataka nijue kila kinachonguruma ni mnyama."

"Loo, mahubiri hayo!" Brodie akampiga bega. "Haya, bosi. Nimeelewa."

Alisema ameelewa. Lakini kidole chake kilikuwa kinapekua simu, na macho hayakuinuka.

Sasa, kulipokucha, Roimata alikuwa ameketi chini ya mti mkubwa juu ya kijito, fulana yake ya rangi ya chungwa, vazi la mwindaji ili asidhaniwe mnyama, ikiwa imelowa umande. Ukungu ulijaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Ng'ambo ya pili, mporomoko mwekundu wa ardhi ulionekana nusu, ukafichwa tena. Akapuliza pembe.

Kimya. Kisha, mbali chini, ngurumo ikajibu.

Sauti ilikuwa nzito, ya dume mkubwa, nyama ya majira yote ya baridi. Akapuliza tena, ikajibu, karibu zaidi. Akashuka hatua kwa hatua, akikanyaga majani laini yaliyolowa ili tawi lisivunjike. Naye yule alikuwa anapanda. Waliitana hivyo mpaka jua likawa doa jeupe kwenye ukungu, na mikangaga upande wa pili wa kijito ikatikisika.

Kitu cha kahawia kilisogea kati ya majani. Roimata akapiga goti. Akaegemeza bunduki, akaondoa kizuizi cha usalama, kidole kikagusa kifyatulio. Upepo ulikuwa unatoka kule, ukimpuliza usoni.

Haukuwa na harufu.

Akashusha pumzi, akanusa tena. Dume wa msimu huu hunuka kabla hujamwona, uvundo wa beberu unaoshika nguo wiki nzima. Upepo huu ulinuka maji na majani tu. Kile cha kahawia kikanguruma, na mwisho wa ngurumo kikaguna mara mbili, kifupi, kama mzee anayeinuka kitini.

Ule ulikuwa mguno wa baba yake. Henare alimalizia hivyo maisha yake yote, na pale kwenye banda lake aliwafundisha watoto wawili tu. Mmoja alikuwa Roimata.

Akajitupa nyuma ya mti, uso kwenye matope, akapiga ukelele: "Mtu! Brodie, mtu! Mimi mtu!"

Mlio wa risasi ulipasua ukungu. Magome ya mti yakamwagika kichwani mwake.

Baadaye wakasikia wote wawili kijito kikiendelea na safari yake kana kwamba hakuna lililotokea. Brodie alivuka maji akijikwaa, sweta lake la kahawia limelowa mpaka kifuani, fulana ya chungwa hana.

"Niliona kitu kinaruka," alisema. Midomo ilikuwa myeupe. "Roi, niliona kitu kinaruka tu."

"Umepajuaje hapa?"

"Picha uliyotutumia Krismasi. Wewe na lile dume ulilopiga. Nyuma yako ule mporomoko ulionekana. Nikautafuta kwenye picha za setilaiti."

Roimata alitaka kumpiga. Badala yake alitoa risasi kwenye bunduki yake, kisha akanyoosha mkono, na Brodie akamkabidhi ya kwake.

Jioni Brodie alikuja nyumbani kwao na mfuko uliojaa kambakoche wa baharini, kama mtu anayekuja kuomba radhi anavyopaswa. Gari aliliacha barabarani, mbali kidogo na geti. Tai alikimbilia huko kumwona mbwa wa Brodie. Lachie, aliyekwisha kusimuliwa yote, alipokea mfuko, akatoka uani bila kumsalimu.

"Naapa, dada. Sirudi kule."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Niangalie, Brodie."

Akamwangalia. "Mtu yeyote sijamwambia."

"Basi sikia. Wewe ni ndugu yangu, na mlango huu utaingia siku zote. Lakini bonde lile lisahau. Usilipitie, usilitaje, usije ukaniomba tena hata kwa mzaha. Nina mtoto. Na kesho alfajiri narudi, maana baridi haitanisubiri, na nataka niwe peke yangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana." Alimkumbatia, akamshikilia muda mrefu kuliko kawaida. Labda, aliwaza Roimata, urafiki huu bado una mizizi. Labda mtu husikia vizuri zaidi baada ya mlio.

Tai aliingia, mikono imejaa manyoya ya mbwa. Mama yake akamnyanyua, akamsimamisha kwenye kiti kando ya sinki, akaanza kumnawisha vidole kimoja kimoja. Dirishani waliona gari likiwaka taa. Kwao Brodie ni kushoto, upande wa mjini. Kiashiria kikaanza kupepesa, cha manjano, taratibu, upande wa kulia, barabara ya mtoni iendayo bondeni.

Maji yaliendelea kutiririka.

"Mama," Tai akasema, "wale wajomba wawili kwenye gari nao wana pembe kama yako."