Rili Isiyopakwa Sifa

Mansuri hakuteremka kwenye bodaboda kama watu wengine, aliteremshwa. Mtu mzima, ndevu zake kidevuni, alikaa juu ya kiti akisubiri apokewe mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa boksi refu lisilofikia uzito wa kuku. Alitaka ufukwe mzima wa Utende uone kwamba Mansuri ametoka Dar na hakurudi mikono mitupu.

Ufukwe ukaona. Utende mtu akinunua ndoo mpya, jirani huijua rangi yake kabla haijatiwa maji.

"Sogeeni," alisema, akilipasua boksi taratibu kama anayefungua kasha la mahari. "Kutazama bure. Kugusa, hapana."

Ikatoka fimbo ya kuvulia, nyeusi, nyembamba, nyepesi hata ungeogopa kuipigia chafya. Kisha ikatoka ile mashine ya kuviringia mshipi, ambayo wenyewe wanaiita rili. Ilikuwa ya dhahabu. Si dhahabu kweli, lakini iling'aa kama bangili ya bibi harusi, na Mansuri aliuzungusha mpini wake ikalia ziii, mpaka kuku wa Bi Somoe wakainua shingo.

"Beringi kumi na mbili!" akatamka.

"Kumi na mbili za kazi gani?" aliuliza Biubwa, aliyesimama nyuma na mtoto mgongoni.

Mansuri akamtazama kama anayetafuta sauti imetokea shimo gani. "Za kuzunguka, shemeji."

Watu wakacheka. Biubwa akamweka mtoto vizuri mgongoni. Mtu asiyejua jambo hulijibu hivyohivyo, kwa ufupi, halafu huacha kicheko kimalizie.

Mambo yalikuwa hivi. Bi Afrah, msimamizi wa hoteli ndogo ya hapo Utende, alikuwa ametangaza kwamba anataka mashua moja ya kuwapeleka wageni wake kuvua kolekole nje ya mlango wa ghuba, kwa kibali, msimu mzima. Vifaa vya hoteli vilikuwa vimeliwa na kutu, naye hakuwa na nia ya kununua vingine. Mwenye mashua aje na fimbo na rili yake. Jumamosi watatoka wageni wawili, kila mmoja na mashua yake, na wakirudi wao ndio watakaosema nani apewe kazi. Waliojitokeza ni Mansuri na binamu yake Kheri, mume wa Biubwa.

Kwa Mansuri kazi ile ilikuwa pambo tu. Baba yake ana duka na shamba la minazi. Angeikosa, angekula kama kawaida. Kwa Biubwa ilikuwa ndiyo nyumba. Kheri alikwisha kumpa nahodha Sadick neno la nusu kwamba Jumapili wataondoka pamoja kwenda dago, kule Songosongo, wanaume wakae kwenye vibanda vya makuti wavue miezi minne. Safari iliyopita aliondoka mtoto ndiyo kwanza anatambaa. Aliporudi mtoto alikuwa anatembea, na alipomwona baba yake alilia kama aliyeona jini. Watu walicheka, Kheri naye akacheka nao. Alipoingia ndani alikaa kitandani na hakugusa chakula.

Siku ya pili Biubwa na Kheri walikwenda Kilindoni, dukani kwa Muhsin, anayeuza misumari, kamba, nyavu, na pembeni, chini ya vumbi, vitu vilivyoachwa na wageni waliokwenda kwao.

"Kaka, tunataka fimbo na rili," alisema Biubwa.

Muhsin alimwangalia Kheri. "Bwana Kheri, unataka ya aina gani?"

"Muulize yeye. Mimi nimevua kwa mshipi wa mkono tangu utoto. Haya madude siyajui."

"Nimuulize yeye!" Muhsin akajishika kiuno. "Dada yangu, masufuria yapo upande ule."

"Najua. Masufuria yako yanavuja, ndiyo maana sikuyaulizia."

Biubwa hakubahatisha. Kabla ya kuzaa alifanya kazi hotelini kwa Bi Afrah, na kila alasiri kazi yake ilikuwa kuziosha fimbo na rili kwa maji baridi na kuzifuta kwa kitambaa. Wageni walinung'unika mbele yake kama vile mwenye kitambaa hana masikio. Hii breki inashika kwa kushtukiza, pete hii imenikatia mshipi. Na masomo ya jioni aliyoyasoma miaka miwili, mtoto tumboni kisha mgongoni, yalimwezesha kusoma maandishi ya kwenye maboksi kwa kidole, bila haraka. Yote hayo aliyajua na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Akachomoa pamba kwenye mfuko wa mtoto, akaipitisha ndani ya pete za fimbo ya kwanza, moja baada ya moja.

"Unaipangusa makamasi?" Muhsin akauliza.

Kwenye pete ya tatu nyuzi za pamba zikanasa. Biubwa akairudisha fimbo ukutani. "Hii ina ufa. Leo imenasa pamba, kesho itakata mshipi."

Ya pili aliikataa kwa wembamba. Ikigongwa ubavuni mwa chombo siku moja tu, imekwisha. Ya tatu ilikuwa fupi, nene, ya faiba nzima isiyo na uwazi ndani, rangi ya masizi, na kishikio chake kimetafunwa na panya. Pamba ikapita pete zote bila kuacha hata unyoya. Akaiegemeza ncha kwenye boriti, akaikunja mpaka Muhsin akapiga kelele. Haikulia hata kidogo.

Kwenye rili alichukua muda zaidi. Aliiacha ile ya fedha yenye mapambo, kwa kuwa mpini wake ulichezacheza kama jino bovu. Akaokota ya kijivu, iliyochubuka, nzito.

"Mume wangu, vuta mshipi. Polepole. Sasa kwa nguvu."

Kheri akavuta. Biubwa akakaza kile kifundo cha juu, akasikiliza. Mshipi ukatoka kwa mvuto mmoja, haukukwama wala haukuruka.

"Hii hapa breki yake," akamwonyesha. "Samaki akikimbia, hii inamwachia kidogo na kumchosha. Ikishika ghafla, mshipi unakatika. Isiposhika kabisa, anaondoka nao wote. Mengine yote ni mapambo."

"Beringi ngapi?" Kheri akauliza kwa kunong'ona, maana neno lile lilikuwa limemkaa.

"Nne."

"Nne tu?"

"Wewe una magoti mangapi, na si unatembea?"

Muhsin akawauzia vyote viwili kwa bei ya kuondoa takataka, na akawasindikiza kwa kicheko mpaka mlangoni.

Cha Muhsin kilikuwa kicheko cha mwanzo tu. Ijumaa, baada ya sala, walipozitoa pale ufukweni, watu walikuwa wamejipanga kama kwenye unyago.

"Ya salaam! Fimbo ya kuchungia punda!"

"Na hiyo ya kijivu ni cherehani? Kheri, mkeo atakushonea kanzu huko baharini?"

"Msimcheke," alisema Mansuri kwa huruma iliyokuwa mbaya kuliko matusi. "Kila mtu hununua kwa uwezo wake, na wengine hununua kwa uwezo wa wake zao."

Ndipo akatokea Mzee Shaabani, fundi wa vyombo, mkononi ana kopo la sifa. Sifa ni mafuta ya ini la papa, na harufu yake humtangulia mtu hatua ishirini. Chombo kipya hakishuki majini mpaka kipakwe, mbao zisiliwe na wadudu wa baharini. Hivyo ndivyo wazee walivyofanya, na hakuna ubao wa Utende usiolijua kopo lile.

"Zana mpya," alisema mzee, "haziingii maji bila sifa."

"Shikamoo babu," alisema Mansuri, "nipakie mimi kwanza. Usinibanie, tia mpaka ndani."

Mzee Shaabani hakubana. Alifungua kifundo cha ile rili ya dhahabu, akamimina, akafunga, akausugua mwili wote mpaka ukang'aa maradufu. Watu wakaitikia vizuri, hata mtu mmoja akasoma dua. Kisha kopo likageuzwa kwa Kheri.

"Shikamoo yako naisubiri, mjukuu. Lete hiyo cherehani."

Kheri alikuwa amekwisha kuinyoosha, na Biubwa akaishika.

"Shikamoo babu. Sifa tunaishukuru. Mashua ipake, fimbo ipake. Rili, hapana. Breki yake ni visahani vinavyosuguana. Vikilowa mafuta haya haviwezi kushika."

Ufukwe wote ukalipuka.

"Mwanamke anakataa sifa! Jamani, tangu lini!"

"Wenzake wanazililia, yeye kaletewa kopo zima!"

Mzee Shaabani alitema mate pembeni. "Nimepaka vyombo kabla mama yako hajavunja ungo. Leo nifundishwe na mpangusa vumbi wa hoteli?"

Bi Mwanamkuu, mama yake Kheri, naye akaja juu. "Mwanangu, utaacha desturi ya baba yako kwa ajili ya vijitabu vya jioni? Utatuaibisha!"

Kheri akasimama pale katikati, shingo imemvimba. Biubwa aliiona mikono yake ikisogea upande wa kopo, ikarudi, ikasogea tena. Alikwisha kusema mbele za watu, na kama angeongeza neno moja, mumewe asingeweza kumkubalia hata akitaka.

"Babu, nisamehe," alisema Kheri hatimaye. "Mashua ndiyo upake."

"Kesho usinililie," alijibu mzee, akaondoka na kopo lake, na mashua hakuipaka.

Jumamosi wakatoka. Biubwa alikuwamo chomboni, kwa sababu Kheri hakuwa na Kiingereza cha kuzungumza na mgeni; mtoto kamwachia Bi Mwanamkuu, aliyempokea bila kumjibu mama yake salamu. Mgeni wao alikuwa bibi mwenye mvi, mpole, aliyeigusa ile fimbo iliyotafunwa na panya, akaikunja, akaitikia kwa kichwa kwa namna iliyomfanya Biubwa aanze kupumua.

Nje ya mlango maji yalikuwa ya buluu nzito. Mashua ya Mansuri ilikuwa karibu nao, umbali wa kuitana, na Mansuri aliitumia nafasi hiyo kuita.

"Shemeji! Mmeshona mangapi?"

Hakumaliza kucheka. Fimbo ya mgeni wake ilijipinda, na rili ya dhahabu ikaanza kulia. Mwanzoni ilikuwa sauti tamu. Mansuri alipiga makofi. Kisha sauti ikapanda, haikushuka, na mgeni akapaza sauti yeye pia.

"Kaza! Kaza!" Mansuri akaking'ang'ania kifundo, akakizungusha mpaka kikafika mwisho. Haikusaidia kitu. Rili ilizunguka kama pia ya mtoto. Beringi zote kumi na mbili, kwa hakika, zilikuwa za kuzunguka. Akauvamia mshipi kwa kiganja, akaurudisha mkono kinywani, na kolekole aliyekuwa huko chini akamaliza mshipi wote, akaukata kwenye fundo la mwisho, akaenda zake. Yule mgeni alibaki ameshika fimbo ya thamani isiyo na kitu.

Mgeni huyo alifungua kifundo, akachomoa visahani viwili vinavyong'aa mafuta, akavipeleka puani. Uso wake ulirudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Anauliza ni kitu gani," Biubwa alimwambia Kheri, kwa kuwa sauti iliwafikia.

"Mwambie ni sifa."

"Kwa Kiingereza sifa ni kitu kingine. Acha."

Wao walingoja mpaka jua likaanza kuuma. Hapo fimbo nene ikainama, na moyo wa Biubwa ukainama nayo. Rili ya kijivu ilitoa mshipi kwa mvuto ule ule aliousikia dukani, haukukwama wala kuruka. Bibi alivuta, akapumzika, akavuta. Kheri akaigeuza mashua bila kuambiwa, akimfuata samaki kama anayemfuata mbuzi aliyekata kamba. Muda ulikuwa mrefu, hata Biubwa akasahau ziwa lake lililokuwa likivuja kwa ajili ya mtoto. Mwisho kolekole akaja ubavuni, mpana kama mlango wa banda, macho meusi.

Bibi akamwachia arudi majini.

"Astaghfirullah," alisema Kheri, machozi yakimlenga. "Samaki wa kulisha kitongoji!"

"Ndiyo kazi yenyewe, mume wangu. Zoea."

Waliporudi, Mansuri alikuwa amewahi kufika, kiganja kimefungwa kitambaa, na maelezo yake yalikuwa yamekwisha kuiva. "Husuda! Kuna mtu kanitupia jicho. Rili ile haina tatizo." Mzee Shaabani akaongeza kwamba sifa yenyewe ilikuwa ndogo, angepaka zaidi. Watu wakaafiki. Hakuna aliyemgeukia Biubwa kumwambia ulisema kweli. Ingekuwa ajabu kama wangesema, maana Utende mtu huweza kupoteza samaki, mshipi na ngozi ya kiganja kwa siku moja, lakini kukosea hakosei.

Bi Afrah hakuwa na haja ya maafikiano yao. Aliongea na wageni wawili kando, akaja, akampa Kheri mkono. "Jumatano wako wanne. Tafuta fimbo ya pili." Kisha, kwa Biubwa: "Na wewe ndiye uchague."

Alasiri nahodha Sadick akabisha hodi, hakukaa. "Kesho alfajiri natweka tanga. Unakuja, au umekuwa mtu wa kupeleka vizee matembezi?"

Bi Mwanamkuu alikuwa uani, anapeta mchele. Mtoto alikuwa amesimama kizingitini, kashika nguzo ya mlango, anamtazama baba yake kwa mashaka, kama anavyomtazama kila siku.

"Siji," alisema Kheri.

"Hayo ni maneno ya mkeo."

"Ni yangu. Yake yalikuwa ya ukali zaidi, nimeyapunguza."

Sadick alisonya, akaondoka. Kheri akachuchumaa kizingitini, mikono kaiacha wazi magotini, hakumwita mtoto wala kumshika. Biubwa alitaka kumsukuma mwanawe mbele kidogo, akajizuia. Mtoto akaiachia nguzo, akapiga hatua moja, akasimama kufikiri.

"Ana haraka gani?" alisema Kheri. "Tupo."