Nusu ya Baba Diana

Generoza alimkamua ng'ombe wake Kitare kabla hakujapambazuka, akajaza maziwa kwenye chupa ya juisi, akashika njia ya hospitali. Binti yake Diana alikuwa amelazwa huko tangu alipoanguka kutoka juu ya mparachichi akavunjika paja. Daktari alishasema lazima awekewe chuma ndani, na chuma kinunuliwe kwanza.

Nusu ya bei Generoza alikuwa nayo. Alikuwa ameuza maharage yote pale sokoni Kanazi, ya kula na ya mbegu. Nusu nyingine ilikuwa ya Maduhu, baba wa mtoto, ambaye baada ya kuachana alirudi kwao Nyantakara. Kwa hiyo alipomaliza kumnywesha mtoto, alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii.

"Umekuja tena, mama," alisema afisa. "Haya, mpigie."

Simu ya Generoza haisikiki mpaka uweke sauti kubwa. Aliilaza mezani.

"Baba Diana, unaongea na afisa ustawi. Mlikubaliana nusu kwa nusu. Yako iko wapi?"

"Shikamoo, afisa. Yangu nilishalipa."

"Kwa nani?"

"Nilioa kwa ng'ombe sita. Tulipoachana wazee wa kwao wakarudisha wanne. Wale wawili waliachwa kule kwa ajili ya nani? Si Diana? Basi wauzwe."

"Mmoja alikufa kwa ugonjwa wa ndigana," alisema Generoza. "Aliyebaki ndiye anayemnywesha mtoto."

"Sasa mimi ndiye niliyemuua, Mama Diana?"

Nyuma ya sauti yake ng'ombe walikuwa wanalia, na mtu anawapigia mluzi. Afisa aliinamia simu.

"Na hao ninaowasikia?"

"Wa mzee hao. Mimi nachunga tu."

Afisa alicheka kidogo, kisha akasugua macho. "Mama, ukitaka twende mahakamani, tutakwenda. Ni miezi. Mguu utasubiri?"

Generoza alichukua simu yake.

Kitare aliuzwa mnadani pamoja na ndama wake. Mnunuzi alishaona kwamba mama huyu ana haraka, akalipa anavyotaka yeye. Chuma kikanunuliwa, Diana akapasuliwa salama.

Siku ya kuruhusiwa, nesi aliwaelekeza kwa upole. "Asikanyage mpaka mrudi. Na apate maziwa, kikombe kila siku, mfupa uunge. Nyumbani mna ng'ombe?"

"Alikuwepo."

Nje, kwenye benchi, wakimngoja mwenye bajaji, Generoza alimpigia Maduhu.

"Wamesema kikombe cha maziwa kila siku," alisema. "Nusu kikombe ni yangu, nitatafuta. Nusu yako utaituma na nani?"

Ng'ombe walilia, safari hii karibu kabisa na simu.

"Mtandao wa huku, Mama Diana," alisema Maduhu. "Sikusikii." Simu ikakatika.

Generoza aliifunga kwenye pindo la kitenge.

"Baba yuko zizini," alimwambia mtoto.

"Nimewasikia," alisema Diana. "Wako wengi."