Alida Bila Breki

Waya wa breki ya Alida ulikatika Kabingo, mashindano yakiwa karibu kuanza, na hapakuwa na mwingine. Mbele yake kulikuwa na vilima vyote mpaka Mbarara, na mwanamke atakayefika wa kwanza angeingia kwenye timu ya baiskeli ya mji. Alida aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Mumewe Damascène alishika usukani. "Mama Ishema, shuka. Turudi kambini Nakivale."

"Breki ninayo." Akainua mguu, akamwonyesha sandali ya tairi.

"Utakufa, weye!"

"Nitakufa siku ingine, Baba Ishema. Leo niko na kazi. Achia."

Hakuwa anajikaza kisabuni. Tangu Burundi alikuwa akishusha ndizi milimani kwa baiskeli, mikungu sita nyuma, na waya hausimamishi mzigo kama huo. Wabeba ndizi husimamisha kwa unyayo: unakandamiza gurudumu la nyuma kwa nguvu zako zote. Kwake yeye, kuteremka ndiko kupumzika.

Basi kwenye mteremko mrefu wa kuelekea Kaberebere, wenzake walipobana breki, yeye aliachia. Sauti zikabaki nyuma. Migomba ikayeyuka pande zote mbili ikawa maji ya kijani, naye yumo ndani anaelea, baiskeli nyepesi kana kwamba imesahau ardhi. Kona ikaja, akailalia ubavu, kama mtu anayegeuka usingizini. Akajikuta anaimba wimbo wa misa, polepole, kama anafua nguo. Akampita msichana wa Mbarara mwenye baiskeli ya mashindano.

"Mama, punguza!" msichana alipiga kelele.

"Uje, dada! Huku kuna upepo mzuri!"

Hawakumkamata tena, hata kwenye milima ya kupanda. Alikata utepe Mbarara anacheka, watu wamejaa mbele yake. Akakandamiza unyayo kama alivyozoea, kwa nguvu za kusimamisha mikungu sita. Lakini nyuma hapakuwa na mkungu hata mmoja. Gurudumu likaganda, baiskeli ikamtupa.

Damascène alipofika kwa pikipiki alimkuta ameketi kwenye lami, damu mdomoni, bado anacheka.

"Nafasi wamenipa," alisema.

Bei yake: meno mawili. Mfupa wa mtulinga wa kulia, begani. Na msimu mzima wa mahindi, kwa sababu mkono wa jembe ulikaa umefungwa mpaka mvua zikaisha.