Bao la Mzee Maganga Mkutanoni

Ilikuwa mwaka 1971, kiangazi, mwezi wa Julai, wakati pamba inapouzwa na watu wote wana haraka isipokuwa karani wa mizani. Katika majuma hayo Mwalimu Mektilda, aliyefundisha darasa la tatu katika kijiji kimoja karibu na Ushirombo, aliteuliwa kuhudhuria Mkutano wa Teknolojia ya Elimu mjini Shinyanga. Mwalimu Mkuu, Gelasius, alimteua kwa sababu mbili: kwanza, yeye mwenyewe alikuwa na pamba ya kuuza, pili, hakujua teknolojia ni kitu gani, wala hakutaka kuwa mtu wa kwanza kuuliza.

"Wanasema kila mjumbe aende na zana moja ya kufundishia, iliyobuniwa kijijini," alisema Gelasius. "Utapeleka nini, Mama Athanas?"

Mektilda alifikiri. Kitu pekee alichowahi kukiona kikifundisha hesabu kijijini hapo bila msaada wa kiboko kilikuwa bao la isolo, mchezo wa kete na mashimo wa huko, la Mzee Maganga. Jioni akaenda kumwomba.

Maganga alikuwa mkulima wa pamba, mbishi, mwenye majivuno yasiyolingana na shamba lake. Alichezea bao lake penye kivuli cha ghala la ushirika, akizungukwa na wanaume waliokuja kupima pamba na kusahau kuondoka.

"Bao haliazimwi kama jembe, mwanangu," alisema. "Marehemu baba, aliyelichonga, aliweka sharti. Anayelichukua hulirudisha kwa mikono yake mwenyewe, kisha huketi papa hapa, acheze nami mchezo mmoja. Asipocheza, bado namdai."

"Mbele ya wanaume wote hawa?"

"Kwani tuwafukuze? Na lifike kabla ya Jumapili. Watu wa Ushetu wanakuja, na mwaka jana walinifunga."

Mektilda alilelewa na masista walioamini kwamba kucheza ni mlango wa uvivu, naye hakuwahi kuketi hadharani kufanya jambo lisilo na faida. Hata hivyo, aliahidi. Mtu anayewachapa watoto kwa kuchelewesha vitabu asingeweza kusema kwamba ahadi ni jambo dogo.

Mkutano ulifunguliwa na mtaalamu kutoka Dar es Salaam, Bwana Cornel, aliyevaa suti nzito kuliko hali ya hewa. Alikuja na mashine ya kutupia picha ukutani, na mashine ilikuja na jenereta, lakini jenereta haikuja na petroli. Asubuhi yote ilipotea katika kuitafuta. Hatimaye mapazia yalifungwa, taa ikawaka, na ukutani akatokea ng'ombe.

Wajumbe, ambao wengi wao walichunga ng'ombe kabla ya kujua kusoma, walimtazama kwa adabu.

"Huyu ni ng'ombe," alieleza Bwana Cornel.

"Mbona amekonda?" aliuliza Pantaleo, mwalimu kutoka Mwakitolyo.

"Ni umeme, ndugu. Hautoshi."

"Kwetu tungemuuza mapema, bwana."

Ukumbi ukacheka. Mektilda hakucheka. Alikuwa akilitazama bao lake, lililowekwa juu ya meza ya maonyesho baina ya saa ya makaratasi na ramani ya Afrika iliyofinyangwa kwa udongo.

Bao hilo lilipendwa kuliko kitu chochote. Kamati ilikutana mara mbili kwa ajili yake, ikalipa jina: Kielelezo cha Hisabati za Kisasa, Namba Saba. Kesho yake Mektilda alipoingia ukumbini, alikuta kila shimo limeandikwa namba kwa rangi nyekundu ya mafuta.

"Ni nani aliyefanya hivi?" aliuliza, na sauti yake ilimfanya Bwana Cornel asimame wima kama mwanafunzi.

"Kamati, mama. Ili mtoto ajue shimo lipi ni lipi. Tena kuna habari njema: vielelezo vyote vitapelekwa Dar es Salaam kuhifadhiwa."

"Bao hili si langu. Nimeliazima."

"Basi andika maombi. Yatapitia kwa mwalimu mkuu, wilayani, mkoani, halafu wizarani. Hayatachelewa. Kabla ya Krismasi utakuwa umejibiwa."

"Mwenyewe analihitaji Jumapili."

"Kwa ajili ya somo gani?"

Mektilda hakuzoea kusema uongo. "Kwa ajili ya watu wa Ushetu," alijibu.

Bwana Cornel alimwonea huruma, akaenda kunywa chai.

Siku ya mwisho yalisomwa maazimio. Wajumbe waliyapitisha moja baada ya jingine bila kuyasikia, kwa maana harufu ya pilau ilikwisha kuingia ukumbini. Mektilda peke yake alisikiliza. Azimio la nne lilisema kwamba zana yoyote mpya ijaribiwe shuleni mwaka mzima kabla ya kupelekwa wizarani. Aliinua mkono kuliunga, na baada ya makofi hakuushusha.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "naomba azimio tulilolipitisha sasa hivi litekelezwe. Namba Saba haijajaribiwa hata siku moja."

"Azimio linahusu zana za baadaye," alisema Bwana Cornel.

"Sikusikia neno hilo likisomwa. Lisomwe tena, na baada yake tujadili."

Wajumbe waliposikia habari ya mjadala, walitazamana kwa hofu.

"Likajaribiwe Ushirombo!" alipaza sauti Pantaleo. "Mpeni mama bao lake tukale!"

Hoja hiyo ilipita kwa makofi makubwa kuliko yote ya mkutano.

Jumamosi Mektilda alirudi kwa lori la pamba, bao likiwa limefungwa kwa kanga mapajani. Alilipata, lakini halikuwa lile alilopewa. Njia nzima alitafuta maneno ya kumwambia Maganga kuhusu rangi ile, asiyapate.

Penye ghala aliwakuta wanaume wale wale, pamoja na Gelasius aliyeketi juu ya gunia.

"Shikamoo, Mzee Maganga."

"Marahaba. Lete."

Mzee alifungua kanga. Alipitisha kidole juu ya namba, polepole.

"Nani ameandika?"

"Watu wa serikali, mzee. Nilipaswa kulilinda. Nitazisugua namba kwa mafuta ya taa mpaka..."

"Usithubutu!" Maganga aliliinua bao juu ya vichwa vya watu. "Mmeona? Serikali imeyahesabu mashimo yangu! Hao wa Ushetu wana bao gani? Gogo tupu!"

"Lakini tisa imeandikwa mara mbili," alisema Donatus, jirani yake.

"Nyamaza wewe. Ndizo hesabu za kisasa."

Mektilda alishusha pumzi, akaokota kanga yake. "Basi, mzee, naomba niende."

"Uende wapi? Hujalipa."

Wanaume walisogea kumpa nafasi, kwa furaha isiyofichika. Mektilda aliwatazama mmoja mmoja kama anavyolitazama darasa, lakini hapakuwa na aliyeinamisha macho. Akaketi kwenye kigoda, akakunja mikono ya gauni, akachota kete.

"Umelala, mwalimu! Kete imeangukia shimo tupu!"

"Mwacheni! Hiyo ndiyo teknolojia!"

"Mwalimu Mkuu, msaidie mwenzako!"

"Mimi sikuhudhuria mkutano," alisema Gelasius.

Mektilda alicheza vibaya, kwa utaratibu, bila kuharakisha, na kila alipoliwa alichota tena. Mwishowe alisukuma kete zake za mwisho, Maganga akazila, na deni likawa limelipwa.