Kioo Kilichopimwa Kikiwa Moto

Kampuni ya kamera za setilaiti haikufuata barabara zetu, maana hatuna za kujivunia. Ilifuata mikono. Mtaa wetu umesugua lenzi za miwani tangu enzi za mababu, na wakubwa wa kampuni waliamini kila nyumba imejaa mafundi. Walitaka mia mbili, la sivyo kiwanda kingejengwa kwingine.

Hawakujua roho zetu. Kwetu mkamwana hutoka mitaa mingine, naye hufundishwa kazi yote isipokuwa jambo moja: kioo kikitoka kusuguliwa kina joto, na ukikipima papo hapo kinakudanganya. Lazima kipoe kwanza. Hilo tunawaambia binti zetu tu. Mkamwana hukosea, humwita mama mkwe amrekebishie, na hivyo habanduki nyumbani.

Jirani yangu, tuliyemwita Mama Jiwe kwa ugumu wa moyo wake, alikuwa na mkamwana mjane na mjukuu mmoja. Mjane aliitaka kazi ile kufa na kupona, apange chumba chake ahamie na mwanawe. Mama Jiwe alishamwambia wazi kwamba akiondoka bila kazi, mtoto anabaki.

Siku ya majaribio, mjane alisugua vizuri kuliko hata wifi yake, binti wa Mama Jiwe. Kisha akakimbilia kupima. Mama Jiwe, aliyeketi kiti cha pili kutoka kwake, alimwona, akajipangusa vidole, akamwacha apime. Nami nilikuwa na mkamwana wangu meza ya nyuma, naye sikumwonya, kwa hiyo usinitazame.

Wakamwana wote walianguka. Mhandisi wa kampuni aliwaonea huruma, akarudia majaribio, wakaanguka vilevile. Akasema alidhani mtaa mzima unaijua kazi, kumbe ni watu wachache, na kiwanda hakisimami kwa wachache. Jioni magari yao yaliondoka. Wifi mtu, aliyefaulu, alilia mpaka akapaliwa.

Mjane hakuwa mjinga. Aliwaona mabinti wakikaa mikono mapajani kabla ya kupima. Njiani kurudi nyumbani, mtoto akiwa kando yao, alimuuliza Mama Jiwe:

"Mama, wenzangu walikuwa wanasubiri nini?"

"Kipoe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeondoka."

"Na wifi je? Si naye amekosa kazi?"

"Yule ni wangu, haendi popote."

Mama Jiwe akamshika mjukuu mkono, akatangulia naye. Mjane alisimama kidogo barabarani, kisha akawafuata, kwa sababu mtoto alikuwa mbele.