Gunia Shinani

Viwavi walikuwa wameshautafuna nusu mti wa kivuli, na baba mwenye nyumba alikwisha kusema kwamba wakiendelea kuwadondokea wapangaji wake, ataukata. Chini ya mti huo ndipo fundi cherehani alipoweka mashine yake. Mahali pengine pa kushonea hana.

Bwana miti akamwonyesha namna ya kufunga gunia kwenye shina. Mchana viwavi hukimbilia humo kukwepa jua, na jioni unalifungua, unawakung'utia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Fundi akafanya hivyo, majani yakaanza kurudi.

Kisha akaitwa kwenda kumuuguza mama yake. Gunia akamwachia wifi yake.

Aliporudi, mti ulikuwa matawi matupu. Alipolifunua gunia, vipepeo wa kijivu wakamrukia usoni.

"Wifi, hukulifungua hata siku moja?"

"Mie nishike madudu yale? Si gunia lipo, lifanye kazi yake!"

Majirani walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba mwenye nyumba alikuwa ameshaleta msumeno. Wifi akamsogezea fundi kigoda, ili atazame vizuri mti ukikatwa.