Molo Imezimika Tena

Mashine yangu niliiita Molo, kama ule mji wa baridi kali, kwa sababu nilitaka iwe baridi. Haikuwahi kuwa baridi hata siku moja. Ilikuwa kompyuta kuukuu niliyoipata saiba moja ya intaneti mjini ilipofungwa. Niliiweka kwenye kona ya sebule ya Anti Immaculate, hapa mtaa wa Section 58, na kazi yake ilikuwa kubaki imewashwa. Ihifadhi nyimbo za kwaya, filamu na picha za yeyote aliyeniomba nafasi, na kwa waya uliopita juu ya ukuta iwapelekee jirani zetu, akina Bhumi. Kubaki imewashwa tu. Nilidhani ni jambo dogo.

Novemba hiyo Bhumi aliolewa. Ijumaa asubuhi angesafiri na mumewe kwenda ng'ambo, Leicester, akaniletea mikanda ya kamera ya harusi.

"Nitengenezee DVD, please. Mama atabaki na mikanda, mimi niende na diski. Nikikumbuka nyumbani niwe naona."

Nilimwahidi. Bhumi ndiye mtu pekee mtaani ninayeweza kuongea naye bila kutazama chini.

Kwa Molo, kuigeuza harusi nzima kuwa DVD ni kazi ya kutwa kucha bila kukatizwa. Ikizimika hata kidogo, inaanza upya.

Jumatatu niliiacha ikifanya kazi nikaenda kazini. Niliporudi, kimya. Anti alikuwa ameifunika juu hadi chini kwa kitambaa cha kufuma, kile cheupe chenye maua, kama anavyofunika televisheni, redio na viti vyote. Molo ilikuwa imeshikwa na joto ikajizima.

"Ilikuwa imekaa uchi mbele ya wageni," Anti alisema.

Niliianza upya jioni hiyo. Jumanne akaichomoa ili apige pasi sare yake ya akina mama wa kanisa.

"Nilichomoa kidogo tu, na nikarudisha."

Kweli alikuwa amerudisha, vizuri kabisa. Kitambaa pia alikuwa amekirudisha. Nilienda bafuni nikauma taulo.

Mimi sijui kugombana. Nikijaribu, machozi hunitangulia, na Anti ndiye aliyenisomesha chuo. Kwa hiyo nilianza kazi upya, nikaandika karatasi nikaibandika mbele ya Molo: TAFADHALI USIZIME MASHINE HII. ASANTE SANA.

Jumatano alasiri, nimetoka kazini mapema na Molo ikiwa imebakiza kidogo tu, wingu jeusi lilishuka kutoka mlima wa Menengai. Ngurumo ya kwanza ilipiga na nyumba nzima ikawa giza. Nilimkuta Anti kitandani na ndala zake za mpira, kioo cha ukutani ameshakifunika kwa leso. Alikuwa ameshusha swichi kubwa ya mita.

"Anti, si kuna karatasi!"

"Nimeisoma. Imesema nisizime mashine. Nimezima nyumba. Mashine sijaigusa."

"Lakini Anti..."

"Nasambu, radi haisomi karatasi."

Ningepiga kelele, lakini najua anachoogopa. Kule nyumbani Malakisi, radi ilimuua mdogo wake, Makhanu, akiwa ameshika waya wa redio. Utamgombeza vipi mtu kama huyo?

Mvua ilipokatika, Bhumi aliita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Niaje Nasambu! Imeiva?"

"Bado."

"Ai! Hii harusi yangu inapikwa kutwa kama githeri ya mahindi makavu."

Jioni hiyo nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliigawa harusi vipande vinne: mehendi ya kupakwa hina, kuuzunguka moto, karamu, na mwisho vidaai, pale bibi harusi anapoaga kwao na kila mtu analia. Kipande kikiiva ninakichoma kwenye diski yake. Molo ikizimika, ninapoteza hicho kimoja tu.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikakaa nayo. Hadi mchana nilikuwa na diski tatu mkononi, na vidaai ilikuwa ikiendelea. Wingu likashuka tena. Nilitoka mbio nikasimama mbele ya mita. Anti akaja na leso begani.

"Sogea."

"Anti, leo hapana." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Zima taa, chomoa TV, chomoa kila kitu. Niachie soketi moja. Bhumi anaenda kesho."

"Na ukipigwa nitamwambia mama yako nini?"

"Sitaigusa. Nitakaa na wewe kitandani."

Alinitazama, akaitazama swichi, akanitazama tena.

"Na miguu juu," alisema. "Isiguse sakafu."

Tulikaa hivyo, miguu juu, amenishika mkono. Kila ngurumo ilipopiga alijivutia leso usoni, lakini hakutaja swichi tena. Sebuleni nilisikia feni ya Molo ikivuma. Nilikuwa naisikiliza hiyo tu. Halafu ikanyamaza.

"Si mimi!" Anti alisema haraka, mikono yote juu.

Nilichungulia dirishani. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Siku hiyo haikurudi.

Ijumaa asubuhi nilimpa Bhumi diski tatu getini kwao, gari likiwa tayari limepakiwa.

"Vidaai imekosekana. Nisamehe."

"Ile ya kulia?"

"Ile."

Mama yake, Darshana, alikuwa ameushika mlango wa gari kama mtu asiyetaka ufungwe kamwe. Bhumi alimtazama, akazitazama diski.

"Basi nitaenda na vidaai ya leo, hii ya..." Hakumaliza. Alimwangukia mama yake kifuani. Anti, ndani ya sare yake iliyopigwa pasi, alilia kuliko wote.

Stima ilirudi gari lilipokwisha kukata kona. Niliingia ndani nianze kipande cha mwisho, nikitume kwa posta. Molo ilikuwa imefunikwa.

"Nimeiachia nafasi huko nyuma ipumue," Anti alisema, akijifuta macho.

Huko nyuma imeegemea ukuta, hewa haipiti. Nilikitoa kitambaa, nikakikunja taratibu, nikaiwasha.